Mke Aliyepelekwa Ugenini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad.



Katika Sura ya Ar-Rum, Aya ya 21, Mwenyezi Mungu anataja kuwa miongoni mwa ishara zake ni kuwaumbia watu wenzi wa kutulizana nao, akatia baina yao mapenzi na huruma. Aya inayofuata, ya 22, inataja ishara nyingine, nayo ni kuhitilafiana kwa lugha na rangi za watu. Aya hizi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, lakini watu huzisoma mbalimbali: ya kwanza husomwa katika harusi, ya pili husomwa panapozungumzwa udugu wa makabila. Ziko nyumba ambazo aya zote mbili hukaa chini ya dari moja, nazo ni nyumba za mume na mke waliozaliwa nchi mbalimbali, kisha mmoja akamfuata mwenziwe kwao. Nyumba hizo ndizo maudhui ya leo.

Ndoa za namna hii si jambo jipya huku bara. Wazee wa pwani waliofika Ujiji na Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kwa ajili ya biashara walioa kwa wenyeji, na katika mtaa kama Buyenzi wamo wajukuu wao wengi. Lakini katika ndoa zile mgeni alikuwa mume. Mke alikuwa kwao. Akikosa chumvi alimwendea mama yake, na akigombana na mumewe alikuwa na mlango wa kubisha usiku. Leo mambo yamegeuka. Binti wa Bujumbura au wa Kampala huolewa na mtu wa Maskati, au wa Ubelgiji, au wa Kanada, akapandishwa ndege, na anaposhuka hana mlango mwingine ila ule wa mumewe.

Qur'ani imesimulia safari ya namna hii. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alikimbia Misri akafika Madyan hana kitu. Akawanyweshea wanyama mabinti wawili waliokuwa wakingoja wachungaji waondoke kisimani, na mzee wao akataka kumwoza mmoja kwa sharti ya kumtumikia miaka 8, na kama akitimiza 10 ni hisani yake. Khabari hiyo imo katika Sura ya Al-Qasas. Alipomaliza muda wake akasafiri na ahali yake, na njiani akaona moto upande wa mlima Tur. Akawaambia wangoje, huenda akawaletea khabari au kijinga cha moto wapate kuota. Wasomaji hukimbilia utume aliopewa Musa pale penye moto, nao wana haki. Lakini kabla ya utume palikuwa na mume aliyejua kuwa ahali yake wanaona baridi, akatoka kuwatafutia moto. Tena mume huyo alikuwa amekwisha kukaa miaka mingi kwa mkwewe, akila nao na kusema nao, kabla ya kumtia mkewe njiani.

Mfano wa pili ni wa Unguja, nao ni wa huzuni.

Seyyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, na mama yake ni Jilfidan, Mcherkasi, aliyetekwa kwao angali mtoto akauzwa. Basi Salme mwenyewe alizaliwa na mwanamke wa ugenini. Lakini jumba la Mtoni lilijaa watu. Kiarabu kilisemwa humo, na Kiswahili, na Kituruki, na Kihabeshi, na Kicherkasi. Na mama yule, pamoja na dhulma aliyotendewa ya kutolewa kwa wazazi wake, alipata humo watu wa kusema nao lugha aliyozaliwa nayo.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na Jilfidan akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo huo ndugu wakagombana kwa ajili ya ufalme. Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili maandishi ya Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kwa elimu hiyo akawa mwandishi wa nduguye Barghash dhidi ya nduguye Majid. Baadaye akapatana na Majid, na wa upande wa Barghash wakamkasirikia. Akawa hana baba, hana mama, na sehemu ya ndugu hawamwendei. Inafaa jambo hili litajwe mapema, kwani wengi wanaomlaumu huianza hadithi kwa Mjerumani aliyekuwa jirani yake, wakaiacha miaka ya upweke iliyotangulia.

Jirani huyo alikuwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Mwezi wa Agosti 1866 Salme, akiwa na mimba, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko akajifungua mtoto mwanamume, akangoja Ruete amalize shughuli zake Unguja. Na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kuozwa siku ile ile. Sharia haimhalalishii Mwislamu wa kike kuolewa na asiyekuwa Mwislamu, na maimamu wa madhehebu wameafikiana katika hilo. Hesabu ya dini yake iko kwa Mola wake. Linalotazamwa hapa ni nyumba yake, kwa sababu yaliyompata nyumbani huwapata pia wanawake walioolewa kwa nikahi sahihi, na waume zao Waislamu.

Walipokuwa safarini, katika nchi ya Ufaransa, mtoto wao akafa. Basi bibi huyu aliingia Hamburg mikono mitupu.

Ruete alikuwa mume mwema, na lazima lisemwe. Alikijua Kiswahili, na ndicho walichosemezana. Lakini asubuhi alikwenda kazini mjini, na Kiswahili kikaondoka naye. Watumishi, wauzaji waliobisha mlangoni, mabibi waliokuja kumtazama, wote walisema Kijerumani, naye alipofika hakukijua. Tangu asubuhi hata jioni akawa kama bubu katika nyumba yake mwenyewe. Wema wa mume ulirudi jioni pamoja na kofia yake.

Tena kuna hali ya nchi. Unguja maghribi huingia karibu na saa 12 na nusu mwaka mzima, haizidi wala haipungui ila kidogo. Hamburg, mwezi wa Desemba, jua hutoka saa 2 na nusu asubuhi na kuchwa saa 10 alasiri. Na mwezi wa Juni halichwi mpaka karibu na saa 4 usiku. Mtu aliyezoea kuipanga siku yake kwa adhana, tangu kupika hata kulala, hupotewa na siku yenyewe. Milango imefungwa kwa baridi, baraza hakuna, na mezani nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida. Wako wanaume wanaodhani kuwa upweke ni deko la wanawake. Hao na wakae mwezi mmoja tu katika mji ambao hakuna mtu awezaye kuwaambia neno wakalifahamu, ndipo waseme.

Baina ya Machi 1868 na Aprili 1870 akazaa watoto watatu, binti wawili na mwana mmoja. Pamoja na majina ya Kizungu akawatia majina ya kwao: Thawka, Said na Ghuza. Akina mama waliohudhuria hapa wanajua maana ya kuzaa mara tatu katika miaka miwili na zaidi kidogo bila ya mama, bila ya dada, bila ya somo wa kukanda kwa maji ya moto, na bila ya mtu wa kumpokea mtoto usiku katika zile siku 40.

Kisha, mwezi wa Agosti 1870, Ruete aliruka kutoka katika gari la reli lililovutwa na farasi, akaanguka akaumia, na tarehe 6 ya mwezi huo akafa. Mtoto mdogo alikuwa hajatimiza miezi 4. Mtu aliyekuwa mume, na mkalimani, na ndugu, na mjumbe wa sokoni, na wakili mbele ya serikali, alikuwa mtu mmoja. Na wote hao walizikwa siku moja.

Yaliyofuata ni marefu. Watoto waliwekewa wasimamizi kwa sheria ya huko; mali ikapungua; bibi akahama Hamburg, akakaa Dresden, na Rudolstadt, na Berlin, akisomesha Kiarabu apate riziki. Mwaka 1875 Seyyid Barghash alipozuru London, Salme alimfuata huko apate kuonana naye, na wakubwa wa Kiingereza wakamzuia kwa ahadi ya kuwasaidia watoto wake, ahadi ambayo haikutimizwa. Mwaka 1885 alifika Unguja pamoja na watoto wake kwa meli ya Kijerumani, katika siku ambazo Ujerumani ilikuwa ikimshurutisha Barghash kwa ajili ya nchi za bara, na madai yake ya urithi yakawa fimbo mkononi mwa wenye haja zao. Watu wa mjini walimwamkia njiani; nduguye hakukubali kumwona. Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikatoka Berlin. Mwaka 1888 akaja tena Unguja, akaondoka vile vile. Akakaa miaka mingi katika nchi ya Sham, mpaka 1914, na akafa mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, ukazikwa pamoja naye.

Sasa kuna mas'ala ambayo mawalii wengi hawayajui. Baba husema: Nitamwoza binti yangu, lakini nitashurutisha asitolewe mjini. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wengi pwani na huku bara, sharti hiyo haimfungi mume. Nikahi ni sahihi na sharti ni batili. Imamu Ahmad bin Hanbal yeye anasema ni sharti ya kutimizwa, na mume akiivunja mke ana khiari ya kuivunja ndoa. Na imepokewa kuwa Seyyidna Umar alihukumu kwa upande wa mwanamke aliyeshurutisha kukaa nyumbani kwake. Basi Mshafi anayetegemea neno hilo ametegemea ukuta usiokuwepo. Ulinzi wake ni kuuliza kabla ya kupokea posa, na wala asione haya, kwani mkwe anayekasirika kwa kuulizwa ameshajibu.

Aulize binti atakaa na nani mchana. Aulize kama mahari yatabaki mkononi mwake au yatageuzwa nauli, maana mahari ni mali ya mke, na gharama ya kumhamisha ni juu ya yule anayemhamisha. Aulize ruhusa ya kukaa katika nchi ile inategemea nini. Na ikiwa inategemea ndoa, itakuwaje mume akifa au akitoa talaka. Aulize kama mke atafundishwa lugha ya nchi katika mwaka wa kwanza. Hili la lugha watu hulidharau mno. Mume huona raha kuwa yeye ndiye ulimi wa mkewe, kwa sababu mke asiyejua lugha hagombani na mtu, haendi mbali, na hana siri. Raha hiyo ni dhulma, hata kama mwenye kuifanya analeta nyama na unga kila siku. Na wazazi wasijidanganye kwa simu za mkononi. Simu humletea mtu sauti ya mama yake, na hiyo ni neema kubwa ambayo Salme hakuwa nayo. Lakini haimchukulii mtoto mgonjwa hospitalini, wala haisomi barua ya serikali iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni.

Yote haya yamesemwa juu ya binti wanaotoka. Wako na wanaoingia. Vijana walikwenda kusoma Urusi, na Uturuki, na kwingineko, wakarudi na wake. Mwanamke huyo hushushwa katika uwanja wa nyumba yenye watu ishirini, wote wakimtazama ashikavyo mwiko, na wifi mmoja akicheka. Mumewe asubuhi huenda kazini. Akisilimu, hutajwa msikitini siku moja, watu wakasema Allahu Akbar, wakaenda zao. Na Ramadhani ikija hana wa kumwonyesha namna ya kugawa siku yake. Akiwa bado Nasara, na ndoa yake ni halali, hukatwa mguu kabisa, kana kwamba jirani asiyekuwa Mwislamu hana haki ya ujirani. Salme wa Hamburg husikitikiwa na kila mtu kwa kuwa alikuwa wa Unguja. Huyu wa mtaani hasikitikiwi na mtu, na mlango wake uko hatua chache tu kutoka msikitini.

Mabibi waliohudhuria leo, haikosi kila mmoja anamjua mke mgeni mmoja katika mtaa wake, na anajua saa ambayo mumewe hayupo. Saa hiyo ndiyo ya kwenda kubisha hodi. Akifungua mlango na maneno yakakosekana, akaribishwe kuchambua mchele, kwani kazi hiyo haihitaji lugha, na maneno huja yenyewe sahani ikiwa katikati.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.