Kiboko na Wavu wa Vitshumbi

Msikilizaji, mwite kijana wako asogee karibu na redio. Leo tunazungumzia kiboko. Ndiyo, kiboko wa Ziwa Edward, kule Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo.

Miaka ya 1970 viboko wa pale walizidi 20,000. Vita vikaingia. Wenye bunduki wakawaua, nyama na meno yakauzwa. Miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000.

Sasa sikiliza vizuri. Usiku kiboko hula majani nchi kavu. Mchana hurudi majini, na kinyesi chake hurutubisha ziwa. Hapo humea vijimea vinavyolisha samaki. Kiboko akitoweka, ziwa linakosa mbolea. Mvuvi wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa hilo, anavuta wavu, unakuja mwepesi. Uvuvi haramu nao umechangia, tusidanganyane.

Narudia: vita viliua kiboko, na samaki akapungua.

Mzazi, mwalimu, usiishie kumwambia kijana kwamba vita ni vibaya. Kama uko karibu na ziwa, mpeleke kwa mvuvi mzee. Amuulize zamani wavu ulijaaje. Na ukiuziwa nyama ya kiboko, usinunue.