Timu Ikihama, Nafasi Ibaki

Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates pale Ubaruku, wilayani Mbarali, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukatisha mfululizo wa mechi 49 za Ligi Kuu ambazo mabingwa hao walicheza bila kupoteza. Oktoba 2023 Ihefu iliifunga Yanga tena, uwanja ule ule, mabao yale yale. Miezi michache baadaye timu hiyo haikuwa Mbarali tena. Ilipopangiwa kuikaribisha Simba Aprili 2024, iliikaribisha Singida, katika uwanja wa Liti. Mwezi huo huo timu iliyobeba jina la Singida, yaani Singida Fountain Gate, iliikaribisha Yanga jijini Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba. Msimu ulipomalizika, Ihefu ilibadilishwa jina ikawa Singida Black Stars, na Singida Fountain Gate ikaliacha jina la Singida, ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati, mkoani Manyara. Kwa hiyo shabiki wa Ubaruku aliyeiona timu yake ikiwapiga mabingwa mara mbili alibaki na uwanja na kumbukumbu. Ihefu ni jina la ardhioevu ya bonde la Usangu; halikuwa jina la kampuni wala la mtu, na hata hilo limeondoka kwenye msimamo wa ligi.

Kila msimu unapokaribia kwisha, swali hurudi vijiweni na redioni: je, timu fulani itahama? Hujibiwa kwa tetesi, kana kwamba ni jambo lililo moyoni mwa tajiri mmoja tu. Mimi naona linaweza kujibiwa kwa kuangalia mambo yaliyo wazi kwa kila mtu. Timu itahama pale ambapo nafasi yake katika ligi inaweza kuuzwa, na hapana mtu wa mahali pale mwenye haki ya kusema hapana. Na kwa kuwa chanzo ni hicho, dawa nayo iko hapo hapo: timu iruhusiwe kuhama, lakini nafasi ya ligi isihame nayo.

Angalieni timu ambazo hakuna anayeuliza kama zitahama. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zote zina wanachama wenye kadi, wanaopiga kura na kugombana katika mikutano mikuu. Mfumo mpya wa uwekezaji ulipokuja, Serikali ilielekeza wanachama wabaki na asilimia 51 ya umiliki na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Watu wengi waliuona mpango huo kuwa kikwazo kwa mtaji, na huenda ni kweli kwamba umechelewesha baadhi ya mambo. Lakini umefanya jambo moja kubwa: hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaipeleka Yanga mkoa mwingine. Coastal Union ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa mwaka 1988, ilishuka daraja mwaka 2016 na kurudi Ligi Kuu mwaka 2018 ikiwa na jina lile lile na mji ule ule. Ilichokuwa nacho ni watu wanaoweza kusema timu hii ni yetu na neno lao likawa na uzito.

Sasa itazameni Singida, kwa sababu ndiyo inayofundisha zaidi, na inafundisha pande zote mbili. Singida United ilipanda Ligi Kuu kwa miguu yake na kuanza kucheza msimu wa 2017/18. Msimu huo huo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2 jijini Arusha. Mwaka 2020 ikashuka. Hapo ndipo njia ilipogawanyika: badala ya kuijenga upya timu iliyoanguka, mkoa ukapata timu iliyokwisha kupanda. DTB, timu iliyokuwa na jina la benki na makazi yake Dar es Salaam, ilipanda daraja mwaka 2022 na mara moja ikawa Singida Big Stars. Ilifanya vizuri, ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2023 ikaungana na Fountain Gate na kubadili jina. Mwaka 2024 ikaondoka, na pengo likazibwa na timu iliyotolewa Mbarali. Katika muda wa miaka miwili shabiki wa Singida aliletewa timu mbili na kunyang'anywa moja, na hakuulizwa hata mara moja. Mlango ulioingiza timu Singida ndio mlango ulioitoa, na bado uko wazi. Tabora nayo ilipita njia hiyo. Kitayosce, iliyoanzia Kilimanjaro, iligeuzwa Tabora United mwaka 2023, na kufikia 2025 jina la Tabora likaondolewa, ikawa TRA United. Mkoa unaopata timu kwa njia hii unapangishwa tu, na mpangaji hana sauti siku mwenye nyumba anapoamua vingine.

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya ligi changa. Lakini Uingereza, nchi iliyoandika sheria za mchezo wenyewe, ilipitia jambo hili kwa uchungu mkubwa. Wimbledon, klabu ya kusini-magharibi mwa London iliyozaliwa mwaka 1889, iliifunga Liverpool 1-0 katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mwaka 1991 iliuacha uwanja wake wa Plough Lane, ambao haukukidhi masharti mapya ya usalama yaliyokuja baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough, ikawa inatumia uwanja wa klabu ya Crystal Palace. Ilisemekana ni kwa muda tu. Miaka ikapita kumi na zaidi. Nawaomba mlishike hili, maana timu zetu nyingi hucheza mbali na kwao uwanja wao unapofungiwa kwa ukaguzi, na jambo hilo huonekana dogo. Klabu isiyo na uwanja wake huwa nyepesi kubebwa. Mwaka 2001 wenye Wimbledon walitangaza kuipeleka Milton Keynes, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi. Bodi ya ligi ilikataa, lakini Mei 2002 tume ya watu watatu ikaruhusu kwa kura mbili dhidi ya moja. Tume hiyo iliandika kwamba kuanzisha klabu upya Wimbledon, kwa ajili ya mashabiki waliobaki, hakungekuwa kwa maslahi mapana ya soka.

Mashabiki walianzisha klabu hiyo hiyo iliyodharauliwa. Waliita vijana kwa majaribio katika viwanja vya wazi vya Wimbledon Common, wakaanza ligi ya daraja la tisa mwaka 2002, na mwaka 2011 AFC Wimbledon ikaingia katika madaraja manne ya juu ya soka la Uingereza. Ilichukua miaka tisa, bila tajiri wa kuwabeba, klabu ikiwa mikononi mwa mashabiki wenyewe. Novemba 2020 walicheza mechi ya kwanza katika uwanja mpya wa Plough Lane, karibu kabisa na ule wa zamani. Timu iliyohamishwa, iliyopewa jina la MK Dons mwaka 2004, ilirudisha mwaka 2007 vikombe na historia ya Wimbledon kwa halmashauri ya Merton. Naona huu ni ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ya kisheria. Aliyenunua nafasi alilazimika mwishowe kukiri kwamba historia haikuwamo katika mauzo.

Hispania ilikuwa na kisa kikali zaidi. Mwaka 2007 klabu ya daraja la pili, Ciudad de Murcia, ilinunuliwa na kuhamishiwa mkoa wa Granada kwa jina la Granada 74. Ilishuka daraja katika msimu wake wa kwanza na haikuchukua muda ikatoweka kabisa. Mwaka 2008 FIFA iliweka kanuni kwamba haki ya klabu kushiriki ligi itokane kwanza na matokeo ya uwanjani, na ikapiga marufuku kubadili umbo la kampuni, makao makuu au jina, au kuhamisha hisa baina ya klabu, ili kupata nafasi ya ligi kwa namna inayoharibu uadilifu wa mashindano. Kanuni hiyo inavihusu vyama vyote vya soka duniani, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) likiwamo. Kwa hiyo ninachokidai hapa hakikutoka angani. Kanuni zetu za ndani, hata zikiwa na utaratibu wa kubadili jina na uwanja, hazikuizuia Ihefu kuhamisha makazi msimu ukiwa katikati.

Msingi wa hoja yangu ni huu. Mtu anaponunua timu hununua mikataba ya wachezaji, basi, vifaa, madeni na pengine jina. Nafasi ya Ligi Kuu hainunuliwi, kwa sababu muuzaji mwenyewe hana. Nafasi hutolewa na shirikisho kwa msimu mmoja, baada ya ngazi ndefu: ligi ya mkoa, ligi ya mabingwa wa mikoa, First League, kisha Championship. Katika kila ngazi timu nyingine zilifungwa ili moja ipande. Zile zilizofungwa ziliridhika kwa sababu ziliamini kwamba aliyepanda alistahili, na kwamba mwakani zamu inaweza kuwa yao. Unapouza nafasi hiyo kwa mtu wa mkoa mwingine, unauza jasho la timu hizo pia, na unauambia kila mji mdogo kwamba njia fupi ni kutafuta mnunuzi. Matokeo yake ni kwamba halmashauri na matajiri watakusanya fedha za kununua timu za juu, na ligi za mikoa, ambako vijana huanzia, zitabaki yatima.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba bila mwekezaji timu kama Ihefu ingekufa, na mishahara hailipwi kwa mapenzi ya Ubaruku. Siwezi kuipuuza. Gharama za Ligi Kuu, kuanzia safari za mbali mpaka usajili wa wageni, ni mzigo mkubwa kwa timu ya wilaya. Huenda Ihefu ingeshuka. Lakini kushuka ni sehemu ya mchezo, na hakumalizi timu. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wilayani Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 na baadaye ikaporomoka. Hata hivyo hakuna mkoa mwingine unaoutumia ubingwa ule kama wake. Timu iliyoshuka ina ngazi ya kupandia. Mji ulionyang'anywa timu yake hauna hata ngazi, kwa kuwa timu yenyewe iko kwingine ikicheza kwa pointi ulizozichuma wewe. Mwekezaji anayetaka kuokoa timu anaweza kuiokoa ilipo. Anayetaka timu karibu na kwake anaweza kuianzisha karibu na kwake.

Wengine wananiuliza: je, Singida hawana haki ya kuona Ligi Kuu? Wanayo, na waliithibitisha wenyewe kupitia Singida United. Nakiri pia kwamba Singida Black Stars imefanikiwa: ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame. Mafanikio hayo yanaonyesha uwezo wa fedha na uongozi wake. Uwezo huo huo ungetosha kuipandisha timu ya Singida kutoka chini kwa misimu minne au mitano, na timu hiyo ingekuwa ya Singida bila shaka yoyote. Kuhusu timu za majeshi na taasisi, ambazo hufuata kambi au ofisi, sioni shida kubwa: shabiki wake anajua tangu mwanzo ni ya nani. Lakini hata hizo zisihame msimu ukiwa unaendelea.

Sharti ninaloliomba linaweza kuandikwa katika aya moja. Klabu ikihamisha makazi yake nje ya mkoa ilikosajiliwa, au ikibadili jina lililobeba mahali, nafasi yake ya ligi isiende nayo. Wanachama, halmashauri au wawekezaji wa mahali pale wapewe muda maalumu wa kuichukua nafasi hiyo na kuonyesha kwamba wanaweza kuiendesha. Wakishindwa, iende kwa timu ya Championship iliyokosa kupanda kwa pointi chache zaidi. Aliyehama aanze ligi ya mkoa wake mpya, kama walivyoanza wengine. Na jina, rangi na kumbukumbu za matokeo vibaki kwa mji uliovizalisha. Marekani, ambako timu huhamishwa kama bidhaa, walifika hapo kwa Cleveland: timu yao ya futiboli ya Kimarekani, Browns, ilipopelekwa Baltimore mwaka 1996, jina, rangi na historia vilibaki Cleveland, na mwaka 1999 timu ikazaliwa upya pale pale.

Naiomba TFF na Bodi ya Ligi waliingize sharti hili katika kanuni kabla msimu mwingine haujaanza, wasingoje timu nyingine iuzwe. Nanyi wakuu wa mikoa na wakurugenzi wa halmashauri mnaoletewa ahadi ya timu iliyokwisha kupanda, ulizeni kwanza imetolewa wapi, na fedha hizo zipelekeni kwa bingwa wa ligi ya mkoa wenu.