Tiba Yake Si Fimbo

Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walirundikana ufukoni Kagunga, kipindupindu kikazuka, na MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma. Mwenye kipindupindu alitundikiwa dripu. Lakini mtoto aliyefika mzima wa mwili, kisha akaanza kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi, au kuwapiga wenzake, huyo aliitwa mtundu.

Wala si wa Nyarugusu pekee. Hapa Ujiji yupo ambaye baba yake alikwenda kuvua dagaa usiku, mtumbwi ukarudi bila yeye. Tangu hapo mtoto hasemi, na akisema ni matusi. Tunamchapa. Ikishindikana, tunampeleka kupungwa pepo. Dua sipingi, hata mimi huombewa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto wa vita mjini London. Waliona kwamba kutengwa na mama kuliwaumiza watoto wengi kuliko mabomu.

Tiba yenyewe haina maajabu. Mtu aliyesomea kazi hiyo hukaa na mtoto, hucheza naye, humpa karatasi achore, humsikiliza, wiki baada ya wiki. Mzazi naye huitwa. Mara nyingi vidonge havihitajiki. Anzeni zahanati, ombeni barua ya kwenda Maweni; Mirembe ya Dodoma si hatua ya kwanza. Na jamani, mganga akiuliza mtoto ana nini, msiseme homa.