Kabla ya Tikiti, Ulizeni Yuniti

(Mazungumzo mbele ya vikundi vya kujisaidia, Amalemba, Kakamega)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya watoto wetu wanaochaguliwa kwenda ng'ambo kusoma semesta moja, kisha warudi kumalizia chuo hapa nyumbani. Tangu mwaka 2007, chuo cha hapa mjini kilipokuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, wanafunzi wa chuo kikuu ni majirani zetu. Barua ya mwaliko ikifika, kikundi kinaitwa. Tunachanga, mama anauza ndama. Tunauliza nauli ni ngapi, viza ni ngapi, baridi ya huko ikoje. Lakini swali moja silisikii: huyu mtoto anaenda kusoma yuniti gani?

Mtasema hayo ni mambo ya wasomi. Hapana, hayo ni mambo ya ndama.

Chuo cha huko kitampa alama, lakini shahada inatolewa na chuo cha hapa. Kama mkuu wa idara yake hakukubali yale masomo kabla hajaondoka, anaweza kurudi na alama nzuri sana na zisihesabiwe. Basi anabaki nyuma, anasoma zile yuniti wenzake walizosoma akiwa hayupo, na karo inarudi kwa kikundi kilekile.

Mpango wa Ulaya uitwao Erasmus+, ambao vyuo vya Kenya navyo hushiriki, unataka karatasi ya makubaliano. Zinaandikwa yuniti za huko na jinsi zitakavyohesabiwa hapa, halafu pande tatu zinatia sahihi: mwanafunzi, chuo chake, na chuo kinachompokea. Kule semesta kamili ni pointi 30, na pointi moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kwa hiyo ati kijana akisema amechukua yuniti mbili ndogo apate nafasi ya kutembea, mjue hesabu haitatosha. Na chini ya mpango huo chuo cha huko hakitozi karo, ingawa cha nyumbani kinaweza kuendelea kudai yake. Mkiletewa hesabu ya karo ya huko, mwekahazina aulize mara mbili.

Kuna jambo la kalenda pia. Chukueni mfano wa Ujerumani, maana Chuo Kikuu cha Moi, hapo Eldoret, kina uhusiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Bayreuth. Kule masomo ya muhula wa baridi huanza Oktoba yakaisha Februari. Huku kwetu semesta nyingi huanza Septemba na Januari. Anayeondoka Oktoba akarudi Februari amekata semesta mbili za nyumbani, si moja. Aulize mapema ni yuniti zipi za Januari zitampita, na kama zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Sasa achague nini? Anayesomea ualimu wa sekondari akumbuke kwamba TSC inataka masomo mawili ya kufundishia. Kijana wa Kiswahili na Historia asijaze semesta yote na yuniti zenye majina matamu. Na msicheke, hata Kiswahili kinafundishwa Bayreuth, tena kwa bidii. Lakini mtoto wa Amalemba kupanda ndege akajifunze ngeli kwa Wajerumani, mimi naona ni hasara. Achukue historia ambayo idara yake haina mwalimu wake. Wa uuguzi na uhandisi wana nafasi ndogo zaidi, kwa sababu bodi za kazi zao zina masharti yao. Hao wakaulize mara ya pili.

Nafasi moja, ikiwa ipo, naomba iachwe kwa kitu kipya. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Kansas, Marekani, mwaka 1960. Yeye alikaa miaka, si semesta, lakini tazameni alivyochagua: biolojia ndiyo kubwa, na pembeni kemia na Kijerumani. Kijerumani kwa msichana wa Nyeri! Miaka michache baadaye akaenda kufanya utafiti Ujerumani.

Ombi langu kwa vikundi ni hili. Kabla pesa haijatoka, katibu apewe nakala ya yale makubaliano yenye sahihi, aiweke kwenye faili pamoja na risiti. Akifika huko akakuta yuniti imejaa, au inafundishwa kwa lugha asiyoijua, asibadilishe kimyakimya. Amwandikie mkuu wa idara wiki zilezile za kwanza, asubiri jibu, alitunze. Akirudi, aje na karatasi rasmi ya alama, afuatilie mpaka zionekane kwenye rekodi ya chuo chake. Hapo ndipo tuchinje kuku.

Mama mwekahazina ameinua mkono tangu nitaje ndama, kwa hiyo wacha niketi tumsikilize.