Gemu Kwenye Kompyuta za Umma: Zinaingia kwa Mlango Gani?

Hotuba ya afisa wa TEHAMA wa kaunti kwa wazazi na vijana katika kituo cha kidijitali cha wadi



Tangu kompyuta za kituo hiki zihamie mfumo wa Linux uitwao Debian, vijana wamekuwa wakiniuliza: mbona haturuhusiwi kuleta gemu kwa flashi? Wazazi nao wana swali lao: kituo cha pesa za umma kina haja gani na gemu? Leo nitajibu yote mawili.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya kuhama, kijana mmoja alileta gemu ya mpira iliyonakiliwa. Ilifunguka vizuri, wenzake wakafurahi. Kesho yake faili zilianza kutoweka, zikiwemo barua za maombi ya basari zilizokuwa zimechapwa hapa. Tuliketi na wazazi hadi usiku tukiziandika upya. Hata hivyo, wanafunzi wawili walichelewa na kukosa nafasi. Sikumlaumu yule kijana. Hakuna aliyekuwa amemfunza kuuliza gemu imetoka wapi.

Debian ni kazi ya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu zake hukaa katika ghala kwenye intaneti, kila moja ikiwa imefungwa kama kifurushi. Gemu haipokelewi ghalani kwa sababu inapendeza tu. Kuna sera iliyoandikwa, na gemu huulizwa maswali kama mgeni anavyoulizwa mlangoni.

Swali la kwanza ni la ruhusa. Gemu si programu peke yake. Ina picha, ramani, muziki na sauti, na kila kimoja kina mwenyewe. Lazima ijulikane ni nani na ameruhusu nini. Hata hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta sawa na inavyolinda muziki na vitabu.

Chukueni mfano wa Doom, gemu iliyotolewa Marekani na kampuni ya id Software mwaka 1993. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilitoa hadharani msimbo wa injini yake, yaani ile sehemu inayoendesha mchezo. Ramani, picha na sauti zilibaki mali ya kampuni. Injini bila hivyo ni jiko bila makaa. Ghala la Debian lina sehemu iitwayo main, ya vitu vilivyo huria kabisa, na nyingine iitwayo contrib, ya programu huria zinazotegemea vitu visivyo huria. Watu wa kujitolea walitengeneza ramani, picha na sauti mpya, wakaziita Freedoom, na kuruhusu kila mtu kuzitumia. Kwa sababu hiyo, leo injini za aina ya Doom zinaweza kukaa katika main na kuchezwa bila kuiba jasho la mtu.

Wazazi, msiwe na wasiwasi. Freedoom ni mchezo wa bunduki, na hatujauweka hapa. Sera ya Debian hukagua ruhusa na usalama. Haituambii mchezo upi unamfaa mtoto wa miaka saba. Hilo ni jukumu letu sisi watu wazima.

Swali la pili ni la mamlaka. Debian huweka gemu katika folda yake, /usr/games, kando na programu za kazi. Gemu inayohitaji kuandika alama za washindi wote kwenye faili moja inaweza kupewa ruhusa ya kikundi kiitwacho games, basi. Haipewi mamlaka ya msimamizi wa mashine. Mtoto anayecheza uani hapewi ufunguo wa ofisi.

Swali la tatu ni la njia. Orodha ya vifurushi ina sahihi ya kidijitali. Kifurushi kikichezewa njiani, mashine hugundua kwamba hakilingani na orodha na kukikataa. Kasoro ikipatikana baadaye, kuna mahali panapojulikana pa kuiripoti, na marekebisho hufika kwa njia ile ile. Flashi ya rafiki haina hata moja kati ya hayo.

Kwa hivyo kanuni yetu ni hii. Gemu zitatoka sehemu ya main pekee, na mhudumu wa kituo ndiye atakayeziweka. Watoto watakuwa na GCompris, yenye mazoezi ya herufi, hesabu na matumizi ya kipanya. Vijana watakuwa na sataranji na SuperTuxKart ya mbio za magari, baada ya saa za huduma. Hatulipii leseni. Tunapakua kila kifurushi mara moja na kukisambaza kwa mashine zote humu ndani, bila kumaliza bando.

Wazazi, mtoto anayejifunza kipanya kwa mchezo leo ndiye atakayewajazia fomu kesho. Hiyo ndiyo haja ya gemu hapa.

Vijana, sera hizi ziko wazi kwa yeyote kusoma, na kazi ya kutunza vifurushi iko wazi kwa yeyote aliye tayari kujifunza. Anayependa gemu anaweza kuanza kwa kuripoti kasoro au kutafsiri maneno.

Pale mapokezi kuna daftari. Ukitaka gemu, andika jina lake. Ikiwa imo katika main na inafaa umri wa wanaokuja hapa, tutaiweka. Ikiwa haimo, tutakueleza sababu. Lakini flashi ya gemu, tafadhali, iache nyumbani. Barua za basari za mwaka huu ziko ndani ya mashine hizi.