Ndege Wanaoondoka Masika: Nani Aandike Tarehe?



Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Mei, ufukwe huu wa Bagamoyo unahamwa. Kwenye matope ya mlango wa Mto Ruvu, pembezoni mwa mikoko ya Kaole na katika mashamba ya chumvi ya Nunge, vitwitwi, sululu na jamaa zao waliokuwa nasi tangu Agosti au Septemba huondoka kwenda kutaga Siberia, Asia ya Kati na visiwa vya Ghuba ya Uajemi. Huko wanakofikia, safari hiyo hupokewa kwa shangwe. Ni majira ya kuchipua, na ndege wa kwanza kuonekana huandikwa siku, saa na mahali. Kwetu ni masika, na wengi wetu tuko chini ya bati tukingoja mvua ipite. Hoja yangu ni moja. Kuondoka kwa ndege hawa ndilo pengo kubwa katika tunayoyajua kuhusu pwani hii, kuanzia Kunduchi hadi Saadani, na watakaoliziba ni watu wanaoshinda pwani mvua ikinyesha, wawe na darubini au wasiwe nayo.

Kwa mwenye kuandika, kufika na kuondoka havina uzito mmoja. Anayetaka siku sululu alipofika anahitaji bahati ya siku moja: amemwona, ameandika, yamekwisha. Anayetaka siku alipoondoka hawezi kuipata siku ileile, kwa sababu ndege wa mwisho hajulikani kuwa ni wa mwisho mpaka zipite siku kadhaa bila mwenzake kuonekana. Tarehe ya kuondoka hutokana na siku ambazo mtu alikwenda, akatazama, akakuta patupu, kisha akaandika kwamba ni patupu. Siku hizo tupu ndizo ghali. Sululu wa mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, alionekana kwa uhakika mara ya mwisho huko Morocco mwaka 1995, lakini ilichukua miaka 30, hadi 2025, kwa dunia kutangaza rasmi kwamba ametoweka. Muda huo wote ulikuwa wa kukusanya ushahidi wa kutomwona. Mtazamaji wa kawaida hapendi kazi hiyo. Yeye hukimbilia ndege adimu, ampige picha, awaonyeshe wenzake. Simlaumu, lakini orodha zake hazitatuambia lini pwani ilibaki tupu.

Tazama jinsi juhudi kubwa za ukanda wetu zilivyopangwa. Mahali maarufu pa kuvisha ndege pete katika Afrika Mashariki ni Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako kazi ilianza mwaka 1969. Usiku wa ukungu taa za hoteli huwavuta ndege wadogo wanaoshuka kutoka kaskazini. Hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa, huvishwa pete na kuachiwa. Mamia ya maelfu wamepita katika mikono ile, ila kazi yenyewe hufanyika zaidi Novemba na Desemba, ndege wakiwa njiani kuja kusini. Hesabu ya ndege wa majini barani Afrika, iliyoanza mwaka 1991, hufanyika Januari, wakati wametulia. Siku ya Ndege Wahamao Duniani huangukia Jumamosi ya pili ya Mei (ipo na nyingine Oktoba), na ni mwezi huohuo wa Mei watazamaji wa dunia nzima huitwa kuingiza orodha zao za siku moja katika eBird, hazina ya kumbukumbu iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002. Tarehe hiyo inamfaa mtu wa London, aliyekwisha kufikiwa na ndege. Kwa Bagamoyo ni kama kuitwa stendi kumuaga mgeni wiki mbili baada ya basi kuondoka. Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambayo Neil na Liz Baker waliianza katika miaka ya 1980 na kuijenga kwa taarifa za watu wa kujitolea, hupokea kumbukumbu za mwezi wowote, na kwa hilo inastahili heshima. Lakini hazina hujaa kinacholetwa. Masika barabara ya Saadani huwa tope, watalii hupungua, na mkazi wa Dar es Salaam mwenye darubini haoni sababu ya kuloa. Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kuandika neno Aprili. Nasema yaliyoandikwa Aprili hayana mfululizo, na bila mfululizo hakuna tarehe ya kuondoka.

Huenda mtu akauliza ubaya uko wapi, ikiwa Januari tumeshawahesabu. Ubaya ni kwamba ndege wa Aprili si yule wa Januari. Kitwitwi ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea hushinda miezi akiwa na rangi ya kijivu juu na nyeupe chini. Ikifika Aprili kifua na tumbo vimekuwa vyekundu kama tofali, na mwili uliokuwa na gramu 60 hivi umejaa mafuta hata uzito ukapanda kwa nusu au zaidi. Mafuta hayo ndiyo nauli yake. Yanatokana na wiki chache za kula minyoo na vikonokono kwenye tope hilihili, maji yakitoka. Kisha, alasiri au jioni, kundi huanza kuitana, huruka, huzunguka na kupanda juu, na halirudi. Kusi imeanza kuvuma, upepo uleule uliorudisha majahazi Arabuni. Nini humwambia ndege kwamba wakati umefika? Bagamoyo iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, ambako mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hautofautiani hata kwa saa moja. Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wahamao kwa miaka katika mwanga usiobadilika, na wakaendelea kubadili manyoya na kuhangaikia safari kwa mzunguko wa karibu mwaka. Wana saa ndani ya mwili. Basi theluji ikiyeyuka mapema Siberia kwa sababu ya joto la dunia, ndege aliye Nunge hapati habari. Anafuata saa yake. Ikiwa saa hiyo inasogea, au haisogei ilhali dunia inasogea, ushahidi utaonekana kwanza katika tarehe za kuondoka huku kwetu. Na si suala la udadisi tu, maana Oktoba 2024 kitwitwi huyo aliwekwa katika daraja la walio hatarini kutoweka katika Orodha Nyekundu ya kimataifa.

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko, nayo ndiyo naipa uzito kuliko zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Pwani hii haina uhaba wa miradi. Mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa awali wa bandari kubwa ya Bagamoyo. Mwaka 2019 serikali ikausimamisha. Mwaka 2021 mazungumzo yakatajwa upya. Kusini, nyumba zimesogea hadi ukingoni mwa mikoko ya Kunduchi na Mbweni. Sasa mchukue mtathmini hodari na mwaminifu, anayefika Julai, hali ya hewa nzuri, gari likipita popote. Atakuta matope karibu matupu. Ataandika alichokiona, na kalamu yake itakuwa ya kweli na ya kupotosha kwa pamoja. Hata wachache atakaowaona watamdanganya, kwani vitwitwi wengi wa mwaka wa kwanza hubaki huku wakati wakubwa wameondoka, naye atadhani ndio idadi yote. Na hata akija msimu wenye ndege, akifika wakati wa maji kupwa atasema mashamba ya chumvi hayana ndege. Angengoja bamvua, maji yakifunika matope yote, angewaona wamebanana kwenye matuta ya majaruba, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja akielekea upepo. Tuta la shamba la chumvi, ambalo kwa mpimaji wa viwanja ni udongo usio na matumizi, ni mahali pa kupumzikia pasipo na mbadala wa karibu. Ushahidi wa namna hii hautafutwi baada ya mradi kutangazwa. Ama uko kabatini tayari, ama haupo.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wataalamu wenzangu, na lina nguvu: mvuvi au mlinzi wa shamba la chumvi hawezi kutofautisha vitwitwi. Ni kweli. Wapo waliozoea mchanga, ambao hata mabingwa huwabishania wakiwa na picha mezani. Lakini hakuna anayemwomba mlinzi afanye hivyo. Ndege watatu wanatosha kuanzia. Wa kwanza ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi uliozidi kichwa; hakuna mwingine wa kufanana naye. Hutaga yai moja tu, ndani ya shimo analochimba mchangani, katika visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, na kinda wake huja naye mpaka huku akiendelea kuomba chakula kwa miezi. Wa pili ni sululu mdogo wa mikoko, Numenius phaeopus, ambaye mdomo wake umepinda kuelekea chini na mbinja yake hurudiwa haraka haraka mara saba hivi, ikasikika hata kwenye mvua isiyoruhusu kuona mbali. Wa tatu ni yule kitwitwi mwekundu, ambaye Aprili hujitambulisha mwenyewe kwa rangi. Anayeokota chaza na kombe kila bamvua anawajua hawa kwa sura na kwa nyendo. Anachokosa ni daftari. Atakosea mara moja moja? Atakosea, kama wanavyokosea wenye shahada. Kosa la mtu anayetazama mahali pamoja kila siku huonekana, kwa sababu linapingana na jana yake na kesho yake. Kosa la mpita njia halina cha kulisahihisha.

Pingamizi la pili ni la teknolojia: satelaiti zimemaliza mjadala, mvishe ndege kifaa, ufuate safari yake ukiwa umekaa. Huko Oman, kwenye tambarare za Barr al Hikman, wala kaa wamevishwa vifaa hivyo na elimu iliyopatikana ni kubwa. Lakini watafiti hukubaliana kwamba mzigo usizidi sehemu ndogo ya uzito wa ndege, na kanuni inayotajwa sana ni asilimia 3. Kwa kitwitwi wa gramu 60 ni chini ya gramu 2. Vifaa vidogo kiasi hicho vipo, ila ni ghali, na huvishwa ndege wachache. Kifaa hukueleza kwa undani alikokwenda ndege mmoja. Hakikuambii kama walioondoka naye walikuwa 40 au 4,000. Hayo mawili hayashindani, na bajeti inayonunua kifaa kimoja ingenunua madaftari ya wilaya nzima.

Pingamizi la tatu linanisumbua zaidi, nalo husemwa kwa sauti ya chini: kwa nini mtu wa pwani afanye kazi ya bure ili takwimu ziishie nje? Historia inampa haki. Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyefika Bagamoyo na mvumbuzi Stanley tarehe 4 Desemba 1889 na kuanguka kutoka dirishani usiku uleule wa karamu, alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege. Ngozi alizokausha Afrika, kila moja na kikaratasi chake, zilikwenda kupanua maarifa ya Ulaya. Anayetaka kuona ushahidi wa zamani wa ndege wa ukanda huu bado hutafuta viza. Kwa hiyo mimi niko upande wa kulipa. Katika mialo kuna wakusanyaji wa takwimu za uvuvi na kuna vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vyenye madaftari ya samaki. Kuongeza ukurasa wa ndege kwa miezi mitatu na posho yake si jambo la kushinda halmashauri. Nakala ya kwanza ibaki kijijini, ya pili wilayani, ya tatu ndiyo iende kwenye atlasi na kwenye hazina za dunia. Yupo atakayesema ukilipa watu watabuni ndege. Basi walipwe kwa siku waliyotazama, isiwe kwa ndege waliyemwona, na sababu ya kubuni itakuwa imepungua sana.

Liko tatizo moja ambalo halitatuliwi kwa posho peke yake. Mvua husimamisha uzalishaji wa chumvi, na vibarua wengi wa Nunge huondoka katika wiki hizohizo tunazozihitaji. Hubaki walinzi na wachache wa kukarabati matuta. Kwa hiyo mpango usijengwe juu ya umati; ujengwe juu ya watu wawili au watatu kila mahali, wanaopokezana. Sehemu tatu zingetosha mwaka wa kwanza: Nunge, mlango wa Ruvu na Kaole. Ukurasa uwe na tarehe ya kawaida na siku ya mwezi mwandamo, ambayo mvuvi anaijua bila kuulizwa na ambayo humweleza msomaji hali ya maji. Uwe na saa, upepo, muda wa kutazama na idadi ya ndege wale watatu. Hesabu ifanyike maji yakiwa yamejaa, ndege wakiwa matutani. Ianze wiki ya kwanza ya Machi, kabla barabara hazijakatika, na isisimamishwe kabla ya mwisho wa Mei, hata kama kurasa zote za wiki tatu za mwisho zitaandikwa sufuri.