MOYO UWE PALE ULIPO MWILI

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kikoneni baada ya swala ya Alasiri)



Wazee wetu, kina mama, na ndugu zangu vijana. Nimeambiwa nizungumze kuhusu michezo. Najua wengine mwajiuliza, michezo na Ramadhani wapi na wapi? Nipeni muda kidogo.

Mwaka jana tulicheza fainali hapa nyumbani, nikapewa penalti ya mwisho. Nikauweka mpira chini, lakini moyo wangu haukuwa kwenye mpira. Ulikuwa kwa watu: nikikosa watasemaje? Nikapiga, mpira ukaishia kwenye mikorosho. Siku nyingi nilikwepa kupita barazani.

Chuoni nimesoma kwamba akili haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Ukiijaza hofu, kazi yenyewe yakosa nafasi. Tena mtu mwenye hofu huanza kuusimamia mguu ambao wajua kazi yake tangu utotoni, akauharibu.

Mtazameni Mkenya mwenzetu, Eliud Kipchoge. Tarehe 6 Mei 2017, kule Monza, Italia, alijaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili. Zikamzidi sekunde 25. Akarudi mazoezini. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa sababu wakimbiaji wa kumwongoza walikuwa wakipokezana, lakini miguu ilikuwa yake. Kila kilomita ni kama dakika 2 na sekunde 50, mara 42! Mzigo huo haubebeki wote kwa pamoja kichwani. Wabebwa kilomita moja moja.

Na maumivu yakimzidi, hutabasamu. Mwenyewe ameeleza kuwa hufanya hivyo ili atulie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba wakimbiaji wakitabasamu hutumia nguvu kidogo kuliko wakikunja uso.

Lakini umakini si uchawi. Paris, mwaka 2024, mgongo ulimuuma Kipchoge akaacha mbio njiani. Mwili nao una haki yake.

Sasa turudi msikitini. Imamu asoma, wewe akili imeshapanda bodaboda yaenda Diani. Washtuka watu wamerukuu. Wafanya nini? Wairudisha. Itatoroka tena, wairudisha tena. Ndugu zangu, huko kurudisha ndiko mazoezi yenyewe, nasi twayapata mara tano kwa siku. Swala si ya kutafutia magoli, la hasha! Lakini aliyezoea kuurudisha moyo wake mbele ya Mola wake, hashindwi kuurudisha mbele ya mpira.

Kwa hivyo ukisimama kupiga, vuta pumzi, chagua pembe, usibadilishe, usitazame watu. Jambo moja tu.

Baada ya Idd twacheza tena. Kocha ameuliza nani atapiga penalti. Nimeinua mkono.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.